Stabilaiza na floti mpya za geji ya mafuta ya Land Rover Series III

Wenye Land Rover Series III, zile zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, wengi wameshazoea kuchovya kijiti kwenye tangi kabla ya safari na kuiacha geji ya mafuta ibaki pambo la dashibodi. Seti ninayoieleza hapa inauzwa kama dawa ya tatizo hilo: ndani ya boksi mna stabilaiza ya kielektroniki (kifaa kinachotuliza umeme unaokwenda kwenye geji), floti kamili (kipimo kinachokaa ndani ya tangi) pamoja na mkono na boya lake, na gasketi. Stabilaiza ni nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini floti siwezi kuisifu vivyo hivyo, na si kila gari linavihitaji vyote viwili.

Kabla ya kutoa fedha, itazame kwanza geji ya joto la injini, kwa sababu geji hizo mbili hupata umeme kutoka stabilaiza moja. Zote mbili zikionyesha juu kuliko hali halisi, mtuhumiwa ni stabilaiza. Ya joto ikiwa sawa na ya mafuta peke yake ikidanganya, tafuta kwenye floti, waya wake au eathi ya tangi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari. Halafu chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi unaoingia kwenye floti. Swichi ikiwa imewashwa, mshale unapaswa kulala kwenye tupu, na waya huohuo ukigusishwa kidogo kwenye chuma kisafi cha bodi, mshale upande taratibu kuelekea kujaa. Mshale ukifanya hivyo, geji na waya vimefaulu, kwa hiyo kosa liko tangini. Fanya jaribio hilo tangi likiwa limefungwa na ugusishe waya mbali nalo, maana cheche na mvuke wa petroli havikai chungu kimoja.

Stabilaiza ya asili ni kikopo kidogo cha bati kilichofichwa nyuma ya geji. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambacho hupinda kikipata joto na kukata umeme, kisha hupoa na kuurudisha, mfululizo, ili wastani unaofika kwenye geji uwe kama volti 10 hata altaneta inapotoa 14. Ndiyo maana ukiipima kwa mita ya kidijitali tarakimu hurukaruka kati ya sifuri na 12, na mafundi wengi wakiona hivyo huitupa, kumbe ilikuwa inafanya kazi yake. Inapoharibika kweli, mara nyingi imepoteza eathi: haikati tena, na geji zinapokea umeme wote wa gari. Kwa hiyo piga msasa mahali inapofungwa kwanza, pengine hutahitaji kununua chochote. Hii mpya ilitoa volti 10 tulivu, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma, na vituo vyake vina herufi zilezile za zamani: B kwa waya unaotoka kwenye swichi, I kwa waya unaokwenda kwenye geji. Mshale umeacha kupanda na kushuka kwa kufuata hali ya betri.

Kwenye floti ndipo kazi ilipo. Ile ya zamani, nilipolitikisa boya lake la shaba karibu na sikio, petroli ilisikika ikicheza ndani. Kiungo kilikuwa kimepasuka, boya likazama, na geji ikawa inasema tupu hata baada ya kujaza. Boya jipya ni la plastiki, na hilo ni jambo jema. Ila mkono wake umepindwa vibaya kiwandani: unagota kabla ya kufika chini, hivyo tangi likikauka kabisa geji bado inaahidi karibu robo. Usiifunge kama ilivyo. Iweke mezani na mita ya kupimia ukinzani wa umeme, uushushe mkono hadi mwisho usome zaidi ya omu 200, uupandishe hadi isomeke makumi machache tu, kisha kunja kwa koleo kile kidole cha chuma kinachouzuia mkono mpaka ncha zote mbili zikubali. Hata baada ya hapo, nusu ya geji si nusu ya tangi. Katika Land Rover fupi ya petroli, ambayo tangi lake la lita 45 liko chini ya kiti, ni bora kuongeza lita tano tano gari likiwa mahali tambarare, ukisubiri mshale utulie kila mara kwa sababu geji hizi ni nzito kuamka, na kuandika ulipofika.

Gasketi iliziba vizuri, haikuvuja. Waya wa eathi haumo ndani ya boksi, na ungefaa kuwamo: kutu na rangi kati ya tangi na chesisi huongeza ukinzani, na katika mfumo huu ukinzani ukizidi mshale hushuka chini ya kiwango halisi. Nilifunga waya mfupi kutoka skrubu ya floti hadi kwenye chesisi.

Kama duka linakubali kuuza kimojakimoja, chukua stabilaiza peke yake, na floti uinunue tu ikiwa yako ya zamani haitengenezeki. Wenye Land Rover za zamani zaidi ambazo eathi yake ni upande chanya wa betri wasiiguse stabilaiza hii. Imetengenezwa kwa eathi hasi na itaungua mara swichi inapowashwa.