Nililipa 60,000 kujifunza kutulia jukwaani: uzoefu wangu, Tabora

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo ya harusi hapa Tabora. Nyumbani sina tatizo. Jukwaani viganja vinalowa, mate yanakauka, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinarukaruka chenyewe kama mkia wa mjusi uliokatika. Mwaka jana, kwenye harusi moja Ipuli, niliingia kwenye sebene, pale wimbo unapochangamka na gitaa linaongoza, nikasahau kila kitu. Mpiga besi alizungukia noti zilezile nne mpaka wa kinanda akanipokea. Bibi harusi hakugundua. Mimi sikulala.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, pale Ng'ambo, anayewafundisha wanamuziki kupambana na woga. Masomo sita, 10,000 kila moja, unalipa ukifika.

Somo la kwanza gitaa halikutoka kwenye mfuko. Alinieleza kwamba moyo kwenda mbio ni kazi ya adrenalini, ileile inayomwagika ukikanyaga nyoka: damu inakimbilia misuli mikubwa, vidole vinabaki vya baridi na vinatetemeka. Kisha pumzi. Unavuta kwa hesabu ya nne, unatoa taratibu kwa hesabu ya nane, maana moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Nilicheka kimoyomoyo. Siku hizi naifanya nyuma ya spika kila Jumamosi.

Lakini hela yangu niliiona somo la tatu. Alinikimbiza kuzunguka mwembe wake mara kumi, na nikiwa bado nahema akanikabidhi gitaa.

"Haya mwanangu, anzia katikati."

Katikati wapi, Mwalimu? Akawa anataja tu: beti ya pili, mwisho wa kiitikio, pale sebene linapopanda. Nikawa napapasa nyuzi kama kipofu. Akasema wimbo naujua kama abiria anavyoijua reli ya Kigoma: anapanda Tabora, analala, anaamkia mwisho wa reli. Mshushe Kaliua usiku uone. Alisema kweli. Nilikuwa nakariri mwanzo hadi mwisho, na nikiteleza sehemu moja sina pa kurudia. Wiki nzima nikajifunza kuushika wimbo popote, moyo ukidunda.

Somo lililofuata alikusanya wasikilizaji: wajukuu wake, fundi baiskeli na mama muuza vitumbua. Sheria moja tu, ukikosea usikunje uso. Mtoto mmoja alinikodolea macho akinyonya embe kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna hadhira ngumu kama ile.

Bendini wenzangu dawa yao ni pombe kali, na nimewasikia wanavyopiga. Nilimuuliza Mwalimu pia kuhusu propranolol, vidonge vya presha ambavyo baadhi ya wanamuziki wa okestra Ulaya na Marekani humeza kabla ya kupanda jukwaani. Alikataa kuvizungumzia, akasema hayo kamuulize daktari. Nikaenda. Daktari kusikia nina pumu akatikisa kichwa: vinaweza kubana njia ya hewa.

Kasoro zipo. Mzee hachungi saa. Ukimgusia Tabora Jazz, ile bendi ya zamani ya hapa, tu, somo limekwisha. Siku moja saa yangu ilibaki dakika ishirini na hela haikupungua. Na lile somo la kufumba macho ujione unapiga vizuri, mimi nililala fofofo. Mchana wa Oktoba, joto la Tabora, mkeka chini ya mwembe, mtu atafanyaje?

Wiki mbili zilizopita tulipiga Isevya. Viganja vililowa vilevile, nisiwadanganye. Katikati ya sebene nikateleza, nikadaka mbele kidogo, nikaendelea. Mpiga besi alishageuka kuja kuniokoa. Nikamkonyeza arudi kwenye kazi yake.

Ukitaka kwenda kwake, nenda asubuhi, kabla wenzake wa kahawa hawajakaa barazani.