Programu inayofunga rekodi mtu akihariri: uzoefu wangu

Ofisini tunatumia programu ya kusimamia wateja, oda na ankara. Nilichoipendea zaidi ni kwamba haiwaachi watu wawili wahariri rekodi moja kwa wakati mmoja. Ukibofya "Hariri", rekodi ni yako. Mwenzako akiingia anasoma tu: visanduku vyote vimekuwa vya kijivu, na juu kabisa pana jina lako na saa uliyoanza.

Ile tuliyokuwa nayo kabla ya hii haikuwa na kufuli lolote. Mtu wa mauzo anabadilisha anwani ya mteja. Wa hesabu, aliyefungua fomu hiyohiyo mapema, anabadilisha kikomo cha mkopo na kuhifadhi baadaye. Anwani ya zamani inarudi kimyakimya, bila onyo lolote. Mzigo unapelekwa kusiko, lawama zinaanza, kila mmoja anaapa kwamba alihifadhi. Na ni kweli, wote walihifadhi.

Zipo programu ambazo hazifungi kitu ila zinaipa kila rekodi namba ya toleo, inayobadilika kila inapohifadhiwa. Ukikuta mwenzako amekutangulia kuhifadhi, unakataliwa na kutakiwa kupakia upya. Kwa rekodi zinazoguswa mara mojamoja, sina neno. Lakini jaza oda ya mistari 40 halafu uambiwe uanze tena!

Kero yangu ni kufuli lililosahauliwa. Mtu akifunga kivinjari bila kubofya "Hifadhi" wala "Ghairi", rekodi inabaki imefungwa kwa jina lake, maana seva ya programu hii haitambui kama ameondoka au bado anafikiri. Ilivyokuja, ilikuwa inasubiri dakika 30 ndipo iachie. Mteja yuko kwenye simu anataka ankara yake irekebishwe, na aliyeishikilia ameshakwenda kula. Msimamizi wa mfumo akapunguza muda huo hadi dakika 10, akawapa wakuu wa idara ruhusa ya kuvunja kufuli. Ukilivunja, chochote ambacho mwenzako hajahifadhi kinapotea, kwa hiyo kwetu ni lazima kumpigia simu kwanza. Programu inamwonya anayevunja. Aliyenyang'anywa haambiwi kitu mpaka ajaribu kuhifadhi. Huo si uungwana.

Tena inafunga rekodi nzima. Watu wa stoo wakitaka kurekebisha idadi tu, inabidi wangoje mtu wa mauzo amalize kuandika maelezo yake marefu. Historia ya mabadiliko iko vizuri: thamani ya zamani, mpya, nani, lini.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Kama mko wawili watatu mnaokaa chumba kimoja, hamuihitaji, ulizaneni tu. Kama idara kadhaa zinagusa rekodi zilezile, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye skrini, kabla hujalipa, kufuli linaachiwa vipi na nani ana ruhusa ya kulivunja.