Yuniti zangu nne za hiari: chokaa, mwezi, vigae na bima

Nilisoma uhasibu katika chuo kikuu kimoja cha hapa Kenya, mbali na Lamu. Chuo kiliniruhusu yuniti nne za hiari, tatu kati yake lazima zitoke vitivo vingine. Nilimaliza mwaka jana. Vijana wa Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wetu wa Lamu, wakipata barua za chuo huja kuniuliza wachukue zipi, kwa hivyo nimeamua kuyaandika yote mara moja.

Naanza na iliyonifaa kuliko zote: Vifaa vya Ujenzi, ya kitivo cha uhandisi. Niliiogopa, maana hesabu nilizozizoea ni za mizania. Kumbe ilitungwa kwa wasio wahandisi, na hesabu zake hazikuvuka za kidato cha nne. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa maabara. Tulimimina zege kwenye vyuma vya umbo la mchemraba, milimita 150 kila upande, tukaiweka majini, kisha tukaivunja kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Mhadhiri alituongezea michemraba michache ya chokaa na mchanga. Siku ya 28, michemraba ya zege ilivumilia mzigo mzito, ya chokaa ikasagika mapema sana. Wenzangu wakaandika kwenye ripoti kwamba chokaa ni dhaifu. Mimi kalamu ilinisimama, nikaiwaza nyumba yetu.

Nyumba ya nyanya iko Mkomani, ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na boriti nzuri haifiki mita tatu. Miaka kadhaa nyuma baba na ami walichanga pesa, fundi akapiga plasta ya saruji ukuta wote wa chini mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Masika ya pili plasta ikafura, ikadondoka vipande vipande, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Tukamlaumu fundi kwamba ametumia mchanga wa pwani. Akarudia, ikadondoka tena.

Nilimwonyesha mhadhiri picha. Aliacha mada ya siku hiyo akatueleza safari nzima ya chokaa. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukiyachoma kwenye tanuri hadi kiasi cha nyuzi 900 za selsiasi, hutoa kaboni dioksaidi na kubaki chokaa kali, ile inayotokota ikimwagiwa maji. Ukishaipaka ukutani huanza kuivuta tena ile hewa iliyoitoa, pole pole, kwa miezi na hata miaka, hadi inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana siku 28 hazitoshi kuihukumu. Tena ina vitundu vidogo vinavyopitisha unyevu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya chumvi kutoka ardhini, na plasta ya chokaa huyaacha yakauke nje. Saruji huyaziba ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, ikiganda hutanuka, na plasta husukumwa hadi ianguke. Fundi wetu hakuwa na kosa la mchanga.

Mhadhiri akaniuliza Ngome ya Lamu ilijengwa lini. Nikamjibu: ilianza 1813, ikamalizika 1821. Akasema Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland, aina hii tunayojengea leo, kule Uingereza mwaka 1824. Nimepita mbele ya ile ngome tangu utotoni nikienda sokoni, na sikuwahi kuwaza kwamba ilisimama kabla saruji hiyo haijapata hata jina.

Kwa mradi wa mwisho alinikubalia nifanye hesabu ya ukuta wetu: gharama ya chokaa na ya saruji, pamoja na ujira na idadi ya marudio. Hapo uhasibu wangu ulipata kazi. Saruji ilikuwa nafuu siku ya kununua tu. Ukishaandika marudio mawili kwenye daftari, unafuu wote umekwisha.

Kasoro yake ni mtihani. Asilimia 70 ya alama ilitoka huko, na karibu maswali yote yalikuwa ya zege na chuma. Nilipata B. Mwenye kuhesabu wastani wa alama alijue hilo mapema.

Astronomia niliingia kwa sababu mtandao wa usajili ulikwama hadi yuniti niliyoitaka ikajaa. Wiki tatu za mwanzo zilinichosha. Kisha tukafika kwenye maji kujaa na kupwa. Mtoto wa Lamu anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Ami yangu ni nahodha, hupanga safari zake kwa tarehe za mwezi. Lakini sababu sikuwahi kuambiwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, maji yakapanda sana na kupwa sana, yakawa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa kimoja hupunguza wa kingine, yakawa maji mafu. Na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku kwa kuwa mwezi nao umesonga mbele. Nilimpigia ami simu usiku uleule. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Basi nyota za kusafiria nazo waulize."

Humo humo ndimo nilimojua habari ya Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama eksirei za angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Palichaguliwa kwa kuwa pa karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi kasi ya ziada. Basi la kutoka Mokowe, bara mkabala na Lamu, kwenda Malindi hupita Gongoni, jirani kabisa na hapo. Nimelala kwenye njia hiyo mara nyingi bila kujua.

Akiolojia kwa masomo yenyewe ni nzuri sana. Tulisoma uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ambako misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine karne kwa karne, ya chini kabisa ikiwa ya miti. Nilijifunza kukitazama kigae kilichookotwa ufuoni kama shahidi. Lakini tulitozwa pesa za safari ya kwenda kuona magofu, safari haikufanyika, na pesa hazikurudishwa. Hilo bado linaniuma, hasa kwa wenzangu waliokopa ili walipe.

Ya nne, Bima, ilikuwa ya kitivo changu. Mhadhiri alitusomea maandishi tu. Nilibaki na kanuni moja ya mizigo ya baharini: shehena ikitoswa ili chombo kiokoke, hasara hugawanywa kwa wote waliookoka na mali zao. Hiyo ningeipata kwa ami barazani.

Binamu yangu anasajili mwezi ujao. Nimemwambia majina ya yuniti yasimbabaishe, wala asifuate wanaosema fulani hutoa A. Amwendee kila mhadhiri kabla dirisha la kubadilisha halijafungwa, amuulize kama mradi wa mwisho anaweza kuufanyia kwao. Yeye anatoka Matondoni, baba yake huunda majahazi. Kuna yuniti ya mbao na viungio kwenye kile kitivo cha uhandisi, na ndiyo ninayotaka aanze nayo.