Italia: treni au gari la kukodi?

Kama ziara yako ni Roma, Florence, Bologna na Milan, panda treni tu. Treni za kasi, Frecciarossa na Italo, hutoka Roma hadi Florence kwa takriban saa 1 na nusu na kukushusha katikati ya mji. Nauli zake kwa kawaida hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, hivyo kata tiketi mapema. Treni za mikoa zina bei isiyobadilika, ukate mapema au siku ya safari. Ila tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo faini.

Gari lina faida vijijini, kama Val d'Orcia na Chianti, ambako mabasi ni ya kubahatisha. Balaa lake ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji yanayolindwa na kamera. Ukiingia bila kibali, faini hupitia kwa kampuni iliyokukodisha gari, nayo hukukata ada yake juu. Ukiingia siku mbili, faini mbili. Egesha nje ya kuta za mji. Leseni ya Kenya au Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Unataka otomatiki? Weka oda mapema. Na kwenye pampu, gasolio ni dizeli.