Kapeti jipya kwa gari la spoti la zamani: lipi linaifaa Dar

Mwenye MGB, Datsun 240Z au Mazda MX-5 za mwanzo akianza kutafuta kapeti hapa Dar, kitu cha kwanza anachouliza ni rangi. Rangi isubiri. Kapeti la gari mjini hapa linamalizwa na maji kabla halijamalizwa na viatu. Kuna masika ya Machi hadi Mei, kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, katikati kuna unyevu wa bahari, na magari haya, hasa ya turubai, yalikuwa yakivuja tangu yakiwa mapya. Maji yakishaingia hukaa kati ya kapeti na bati. Juu unagusa pakavu, chini kutu inakula sakafu. Ndiyo maana nimeyapanga haya kwa kuuliza kwanza: likilowa linakauka upesi, na linanyanyuka bila kuchanika?

1. Kapeti la roli la nyuzi za plastiki, likatwe na fundi wa hapa

Nazungumzia lile la vitanzi vifupi vilivyobana, la kutandikwa maofisini. Mengi ni ya polipropilini, na nyuzi hizo hazinywi maji karibu kabisa. Madukani Kariakoo linauzwa kwa mita. Gari la viti viwili, mita 3 za roli lenye upana wa mita 2 zinatosha na masalio yanabaki.

Kabla ya kulipa, omba kipande ukikunje mgongo nje. Mgongo ukitoa nyufa au ukigoma kukunjika, rudisha. Halitashika kona za kile kichuguu cha katikati kinachofunika giaboksi. Kisha vuta kitanzi kimoja kwa kucha. Kikitoka na wenzake mstari mzima, ndivyo litakavyofumuka mlangoni.

Kushona mpe fundi wa viti vya magari au wa makochi. Keko wapo wa kutosha. Mpelekee kapeti kuukuu hata kama limeoza, maana hilo ndilo pateni yake. Kingo zipigwe paipini, yaani ukanda wa kufunika ukingo, ya leza (ngozi bandia) kwa cherehani, uzi uwe wa nailoni. Uzi wa pamba unaoza kabla ya kapeti lenyewe, na ukingo uliobandikwa kwa gundi tu hauvuki msimu wa mvua.

2. Seti iliyokatwa tayari kutoka nje

MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na Uingereza bado kuna wanaoikatia seti kamili: vipande vimeshapigwa paipini, na pedi ya kisigino, pale dereva anapoegemeza kisigino chake, imeshonewa mahali pake. Chagua ya nailoni. Ni kazi safi kuliko ya fundi wengi, na ingeshika nafasi ya kwanza kama usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 visingeifanya ighali.

Uliza usukani uko upande gani. Seti nyingi zinazouzwa Marekani ni za usukani wa kushoto, kwa hiyo pedi ya kisigino itaangukia kwa abiria, na matundu ya pedeli utayaziba wewe. Uingereza na Japani wako sawa na sisi.

Mwenye 240Z asikubali muuzaji amwekee kapeti kila mahali. Gari lile, lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, lilitoka kiwandani na kichuguu kilichovikwa vinaili yenye michoro ya almasi. Kapeti lilikuwa sakafuni. Na MX-5 lina kapeti la kufinyangwa kwa joto, lenye umbo la sakafu. Ukilitandikia la bapa utapata mikunjo. Osha la zamani ulianike, au tafuta zima lililotolewa kwenye gari la Japani. Kwanza lakini zibua mirija ya kutolea maji ya turubai nyuma ya viti, kwa sababu ikiziba maji yote yanashukia humo.

3. La sufu

Zuri, halina ubishi. Linapendeza macho, linatuliza kelele, na cheche ya sigara haliishiki kirahisi. Lakini sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mkono haujahisi kuwa imelowa. Kwa gari linalolala ndani na kutoka Jumapili isiyo na mawingu, sawa. La kwenda nalo kazini, hapana.

4. La manyoya la sebuleni

Liache sebuleni. Manyoya marefu yanashika mchanga wa Coco Beach hadi mwakani, na unene wake chini ya pedeli ni hatari: eksileta inaweza kunasa ikiwa chini, au breki ikakosa nafasi ya kushuka.

Kapeti la plastiki tupu lisilo na nyuzi, lile la kwenye daladala, sikulipa nafasi. Kulifuta ni rahisi, lakini linafunika unyevu usipate pa kutokea.

Cha chini yake

Hapa ndipo pesa ya maana inapotumika. Magari ya Kiingereza yalikuja na magunia ya juti au nyuzi za pamba chakavu chini ya kapeti, na ukilifunua gari lililokaa Dar miaka mingi utayakuta meusi, yananuka, yameganda kwenye kutu. Usirudishe kitu cha namna hiyo. Wala usiweke sponji ya magodoro. Tafuta sponji ngumu isiyopitisha maji, kama ya soli ya ndala. Jaribio lake ni la ndoo: zamisha kipande, kikandamize, kitoe ukikung'ute. Kikiwa kizito kuliko mwanzo, si chenyewe.

Kabla ya hapo sakafu ikwanguliwe gundi yote na idonolewe kwa bisibisi. Inapobonyea, fundi wa bodi anatangulia, kisha rangi ya kuzuia kutu.

Siku ya kufunga

Viti vitoke. Usikubali fundi akate huku akizunguka reli za viti.

Vipande vyote vielekeze nyuzi upande mmoja. Pitisha kiganja juu ya kapeti: upande mmoja linalala, mwingine linasimama. Piga mshale wa chaki mgongoni mwa kila kipande, la sivyo upande wa dereva utaonekana rangi tofauti na wa abiria ingawa roli ni moja.

Anza na kichuguu, fuata kuta za pembeni, sakafu iwe ya mwisho. Gundi ipakwe pande zote mbili, mgongoni mwa kapeti na kwenye bati, na iachwe mpaka isishike kidole. Ikishakutana hakuna kusogeza. Milango iwe wazi, harufu yake ni kali.

Matundu ya bolti yasitobolewe kwa drili. Ncha ikinasa uzi mmoja inafumua mstari mzima. Tafuta tundu kwa msharasi kutokea chini, halafu pitisha msumari uliopashwa moto. Nyuzi za plastiki zinayeyuka na kujifunga zenyewe. Kwa sufu hiyo haifanyi kazi, kata kwa wembe.

Vipande vya sakafuni visibandikwe. Vishikwe kwa vifungo vya kubonyeza, vinne kila upande, ili mvua ikipiga uvitoe, uvianike, na uone bati lako lilivyo. Mafundi wengi watapinga kwa kuwa gundi ni haraka zaidi. Vifungo nunua mwenyewe uende navyo.