Klachi ya feni ya Aisin kwenye Land Cruiser mkonga: uzoefu wangu njia ya Mtwara, Newala na Masasi

Nyota nne kwa tano kwa klachi ya feni ya Aisin, kampuni ya Japani; ndicho kifaa kinachoiunganisha feni ya kupooza rejeta na injini, na kuiacha iteleze pasipo na joto. Moja nimeikata kwa sababu ya bei, maana ukitaka orijino unalipa pesa ambayo ingetosha kununua tairi, halafu kinachokuja kwenye boksi ni kidude cha aluminiamu kinachoenea viganjani. Mke wangu alikitazama akauliza kama ndicho hicho au kuna kingine kinafuata.

Gari lenyewe ni mkonga wa injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Linazunguka Mtwara mjini, Tandahimba, Newala na Masasi. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, linabeba magunia kutoka vijijini kwenda maghalani. Mzigo, jua, mchanga wa uwanda wa Makonde na vilima ndani ya safari moja. Gari likiwa na udhaifu kwenye upoozaji, njia hiyo inaufichua mapema.

Nililinunua feni ikiwa imefungwa moja kwa moja. Aliyekuwa nalo alitoboa klachi akapiga bolti, feni ikawa inazunguka sawasawa na puli ya wota pampu kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Huku kusini dawa hiyo ina wafuasi wengi. Nilipolipeleka gereji nikasema nataka klachi mpya, fundi alinishangaa: "Mjomba, unataka kutoa feni nzima uweke inayoteleza? Si unaisikia inavyovuma?"

Inavuma kweli. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya pili, abiria wa mbele anakuuliza kitu mara mbili. Lakini mvumo huo ni mafuta yako yanaondoka, na mara nyingi yanaondoka bure. Feni ina hesabu yake: spidi ikiongezeka mara mbili, hewa inaongezeka mara mbili, ila nguvu inayoliwa inaongezeka mara nane. Yaani feni ikishushwa mpaka nusu ya spidi, inakula moja ya nane tu ya nguvu ya mwanzo. Sasa piga picha ukiwa kwenye lami kutoka Mingoyo kuja Mtwara, gari limeshika mwendo, upepo wa safari wenyewe unatosha kupooza rejeta, na bado injini inasukuma feni kwa nguvu zote. 1HZ si injini ya kuchezea nguvu hivyo. Ni ngumu, inavumilia, lakini si ya mbio.

Hapo ndipo klachi inapoingia. Ukiitazama kwa mbele utaona springi bapa iliyojiviringa katikati. Imetengenezwa kwa metali mbili zilizogandishwa pamoja, na kwa kuwa hazitanuki sawa zikipata joto, springi nzima inajipinda. Ikijipinda inazungusha kijiti kidogo kinachofungua tundu ndani ya klachi. Nyuma ya tundu kuna chumba chenye oili ya silikoni, nzito kama asali. Tundu likifunguka, oili inaingia kwenye mifereji myembamba iliyo kati ya sahani inayozungushwa na wota pampu na nyumba iliyoshika feni. Hakuna chuma kinachokamata chuma. Uzito wa ile oili ndio unaoivuta feni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikipoa, springi inarudi, tundu linafungwa, oili iliyobaki inasukumwa kurudi chumbani, na feni inaanza kuteleza tena. Hata ikishika kabisa, haifikii spidi ya puli kwa asilimia mia; daima kuna utelezi kidogo.

Niliagiza kwa mtu anayenunua spea Kariakoo, ikaja kwa basi. Hapa nilikuwa mkali: nilimwambia boksi lisilazwe, liandikwe kwa kalamu nene, na kondakta aambiwe kwa mdomo. Klachi ya oili inatakiwa isimame kama inavyosimama kwenye injini. Ukiilaza muda mrefu, oili inahama na inaweza kuvujia kwenye beringi, nawe ukafunga kitu kipya ambacho tayari ni mgonjwa. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 ndani ya buti lenye ndoo za watu na magunia ya vitunguu. Ilifika salama, springi kavu, hakuna alama ya mafuta popote. Kufunga si kazi kubwa: nati nne kwenye wota pampu, mapanga ya feni yanahamishiwa kwenye klachi mpya, mikanda inakazwa upya. Kinachosumbua ni kava la feni, lile linaloizunguka ili ivute hewa kupitia rejeta, maana mikono haina pa kupita.

Asubuhi ya kwanza ilivuma. Fundi akacheka: "Si unaona? Ni ileile." Nikamwambia asubiri. Gari likilala, oili hushuka ikaingia kwenye mifereji, kwa hiyo ukiwasha feni inashika kwa muda mfupi mpaka oili irudishwe chumbani. Kabla hajamaliza kunawa mikono, mvumo ulikatika kana kwamba mtu amefunga dirisha, tukaanza kuisikia injini yenyewe. Hakusema kitu, ila alisogea akachungulia kama mkanda umekatika.

Kipimo chenyewe kilikuwa kupanda uwanda kutoka upande wa Masasi kwenda Newala nikiwa na mzigo, saa nane mchana. Gia ya pili, mwendo wa kutambaa, upepo wa safari haupo. Geji ikatoka mahali pake pa kawaida ikapanda upana wa mshale wake, si zaidi. Kisha nikasikia vuuu kutoka mbele, sauti inanenepa polepole, si ghafla. Geji ikasimama. Tulipofika juu na barabara kulala, mvumo uliendelea kidogo, ukafifia, geji ikawa imerudi. Kwa feni iliyofungwa geji ilikuwa haipandi kabisa pale, nakiri hilo, kwa hiyo aliyezoea kuona mshale umelala atapata wasiwasi mwanzoni. Mshale kusogea kidogo ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi.

Faida nyingine: injini inapata joto haraka asubuhi, mikanda hailii ninapokanyaga ghafla, na gari limekuwa jepesi kwenye gia za juu. Mafuta yamepungua, naona kwenye pesa ya kituoni, ingawa mizigo yangu hailingani na sitakudanganya kwa namba. Halafu kuna masika. Ukiingia kwenye maji mengi na feni iliyofungwa, mapanga yanapiga maji kwa nguvu zote, yanajipinda kuelekea mbele, na yakigusa rejeta umeshalala porini. Inayoteleza inasamehe zaidi.

Sasa kwa wanaouliza kama klachi itawatibia gari linalochemsha: inategemea. Ile springi haijui joto la injini. Inajua hewa inayotoka kwenye rejeta, basi. Themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, ikikwama imefunga, injini inachemka huku rejeta iko baridi, na klachi itatulia tuli kwa sababu kwake hakuna tatizo. Vivyo hivyo kava la feni likiwa limetupwa, feni inazungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta. Na mapezi ya rejeta yakiwa yamejaa mchanga na majani, osha kwanza, kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kwenda mbele, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Ya zamani unaipima hivi: zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, nzuri. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa, oili imekwisha. Shika ncha ya panga uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwenda. Kama beringi ni nzima na tatizo ni oili tu, Toyota wanauza oili ya silikoni kwenye vitubu vya mililita 18, ya uzito tofautitofauti, na fundi mtulivu anaweza kuongeza. Msikubali oili ya gia au grisi. Silikoni inatumika kwa sababu uzito wake haubadiliki sana kwenye joto. Oili ya gia inakuwa maji pale unapoihitaji zaidi.

Kuna nakala za bei rahisi zinazouzwa kwenye boksi linalofanana kabisa. Jirani yangu alifunga moja kwenye Hilux. Imekuwa ikivuma asubuhi hadi jioni, na sasa anafikiria kuipiga bolti. Ya mtumba kutoka Japani ningeichukua kabla ya hiyo, mradi niitikise mwenyewe dukani na nione ilivyohifadhiwa.

Mkiagiza, msitumie picha ya klachi pekee. Soma namba iliyogongwa kwenye ile ya zamani na utume pamoja na aina ya injini, kwa sababu klachi mbili zinaweza kufanana matundu ya nati na zikatofautiana joto la kushikia.