"re:member" ya Ólafur Arnalds: piano tatu, mpigaji mmoja

Piano zinazojipiga zenyewe zilikuwepo hata kabla ya redio. Jipya katika albamu hii ya 2018 ni Stratus, programu ambayo Arnalds, mtunzi wa Iceland aliyezaliwa 1986, aliitengeneza na Halldór Eldjárn kwa miaka miwili hivi. Anapobonyeza noti moja kwenye piano yake, programu huisoma na kuziamuru piano nyingine mbili zijibu kwa noti tofauti. Kwa kuwa hawezi kutabiri majibu yote, hulazimika kuyafuata, na hapo ndipo anapofikia mapatano ya sauti ambayo vidole vyake peke yake visingeyafikia. Zinazolia ni nyundo na nyuzi halisi zilizo ndani ya piano hizo.

Anza na wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu. Noti za Stratus zinadondoka kama mvua juu ya bati, kisha ala za nyuzi na ngoma zinaingia. Ngoma hizo ni tamu (Arnalds alianza kama mpiga ngoma wa bendi za muziki mkali), ila zikikolea huzifunika zile piano mbili, hasara kubwa kwa albamu iliyojengwa juu yake. "saman" haina tatizo hilo: ni piano tupu, karibu sana na sikio.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Besi ya sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) itapotea, na mpapaso wa nyundo utageuka mkwaruzo. Vaa hedifoni zinazofunika sikio zima, sauti ikiwa ya wastani.